Mwenzi Asiyeonekana

Somo: Luka 15:8-10

 

Yule mwanamke wa somo letu alipopotelewa na kipande kimoja cha fedha, hakuketi akasema, "Basi." Aliwasha taa, akafagia nyumba nzima. Je, mwajua ya kuwa mbingu nayo imepata kufagiwa hivyo, na fagio lenyewe lilitoka pwani yetu hii?

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, Waitalia walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi ilibeba chombo cha Wamarekani cha kilo 140 hivi. Kwa heshima ya siku ile, Bi. Marjorie Townsend aliyesimamia kazi hiyo alikiita Uhuru.

Kazi yake ilikuwa kutafuta nyota zitoazo eksirei. Eksirei, ile ile itumikayo hospitalini kupiga picha ya mfupa, haipenyi hewa yote iliyotufunika. Mtu akisimama chini, hata awe na darubini kubwa namna gani, haipati. Lakini Uhuru kilikuwa juu ya hewa. Kilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, kikifagia mbingu ukanda kwa ukanda hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339.

Lakini orodha peke yake haitoshi. Wataalamu walikaa na zile hesabu, wakazipitia tena na tena. Chanzo kimoja, Centaurus X-3, kilipiga kama moyo, kila sekunde 4.8. Tena, kila baada ya siku 2.1, kilitoweka karibu nusu siku, kisha kikarudi. Kumbe ni nyota mbili zinazozungukana! Ndogo ilikuwa ikipita nyuma ya kubwa. Hiyo ndogo ni masalio ya nyota iliyokufa ikasinyaa: upana wake yapata kilometa 20, kama kutoka Likoni hadi Tiwi, lakini uzito wake wapita ule wa jua. Huvuta gesi ya mwenzake, na gesi hiyo ikiangukia huko hupata moto mkali mno. Hapo ndipo eksirei hutoka.

Ajabu zaidi ilikuwa Cygnus X-1. Mwaka 1971 na 1972 wataalamu wa Uingereza na Kanada waliitazama kwa darubini nyota iliyo mahali hapo. Waliiona ikizunguka mara moja kila siku 5.6, lakini mwenziwe hakuonekana. Ukimwona mbuzi kwa mbali akizunguka pale pale asubuhi hata jioni, kamba huioni wala kigingi hukioni, lakini wajua kwamba kigingi kipo. Wataalamu walikadiria uzito wa huyo asiyeonekana, wakaona ni shimo jeusi, ambalo hata nuru haiponyoki. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wa Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kazi haikuishia hapo. Mwaka 2022, waliopitia hesabu za chombo Gaia, kilichopima nyota zaidi ya bilioni moja, walitambua shimo jeusi jingine, lisiloonekana kutoa hata eksirei. Lilijulikana kwa kuyumba kwa mwenziwe tu.

Ndugu, nasi tuna orodha zetu. Siku moja sisi wazee wa ushirika tulikuwa tukipitia daftari. Tukafika kwenye jina la mama mmoja ambaye hakuonekana ibadani miezi mingi. Kalamu ilikwisha inuliwa kulifuta. Ndipo mmoja wetu akauliza, "Na yule binti yake, mbona siku hizi aja Shule ya Jumapili na mdogo wake mgongoni?" Kila juma tulimwona mtoto yule akihangaika, wala hatukuuliza anazunguka nini. Jioni ile tulikwenda. Tulimkuta mama kitandani, mwezi wa nne hawezi kusimama. Tuliona haya. Alitushika mikono, akasema, "Nilidhani mmenisahau."

Asiyeonekana si kwamba hayupo. Juma hili, kabla hamjafuta jina la mtu, watazameni kwanza walio karibu naye: mtoto wake, mumewe, jirani yake. Mkiona mmoja anayumba, washeni taa, mwende.