Je, Wajua? Lillian Gish Juu ya Barafu

Je, wajua ya kwamba Lillian Gish, aliyezaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1893, akaingia katika sinema bubu mwaka 1912 pamoja na mdogo wake Dorothy, alipoigiza filamu ya Way Down East, iliyotoka mwaka 1920, alijilaza juu ya pande la barafu lililochukuliwa na mkondo wa mto huko Vermont, na kwa shauri lake mwenyewe, wala si kwa amri ya mwongozaji wa filamu hiyo, bwana D. W. Griffith, akauacha mkono wake uning'inie katika maji yenye baridi ya zamharir, hata vidole vikamsumbua umri wake wote? Ajabu ni kwamba mwili huo, ulioonekana dhaifu kama unyasi, ulistahimili kuigiza hadi filamu ya 1987, umri umepindukia miaka 90.