Kuchambua Barua Kama Tuchambuavyo Karafuu

Ndugu wanachama,

Hapana mkulima apelekaye karafuu kituoni pamoja na makonyo yake. Huketi na watu wake wakachambua, kisha karafuu ikaanikwa jamvini na makonyo yakawekwa kando. Lakini barua pepe za chama chetu tulikuwa twaziacha zote katika kikasha kimoja, zenye maana na zisizo na maana, na kwa ajili hiyo mwenzetu mmoja amepata hasara.

Mwanachama huyo ni mwalimu huko Idodi, Mkoa wa Iringa, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Kutoka huko mpaka mashambani kwetu ni safari ya nchi kavu na ya bahari. Msimu uliopita alituandikia kwamba mapatano ya kukodisha mikarafuu yake yamevunjika, akatuomba tuzuie watu wasichume mpaka afike mwenyewe. Barua ile ilikaa siku 19 chini ya matangazo ya viatu na ya bahati nasibu. Tulipoisoma, miti ilikuwa imekwisha kuchumwa. Kosa ni letu, wala hatumsingizii mtu. Tumekwisha kumtaka radhi, na habari ya fidia yake italetwa mbele ya mkutano mkuu.

Ndipo tulipotafuta programu ya kuchambua barua. Ziko kadhaa. Gmail ilianza kutenga barua muhimu mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaongeza mafungu, matangazo yakakaa mbali na barua za watu. Outlook hugawa kikasha sehemu mbili, moja ya barua za kuangaliwa kwanza na moja ya zilizobaki. Simu za iPhone nazo zilipata mafungu ya namna hiyo Desemba 2024. Tumechagua kubaki na Gmail, maana anwani ya chama iko huko tayari, na hatuongezi gharama. Tena programu nyingine za watu wasiojulikana huomba ruhusa ya kusoma barua zote, na sisi twashika siri za wanachama.

Yafaa mjue jinsi mashine hii ifanyavyo kazi. Haijui shida ya mtu. Yaangalia mazoea tu: ni nani umwandikiaye mara kwa mara, barua zipi huzifungua, zipi huzijibu. Hizo huzitia alama ya manjano kuwa ni muhimu. Ikikosea, waweza kuigusa alama ile ukaiondoa, au ukaitia pasipokuwapo, nayo hujifunza.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Yule mwalimu alikuwa hajapata kutuandikia kabla ya siku ile. Kwa kipimo cha mazoea barua yake ingeweza kuwekwa chini, na barua za duka lituandikialo kila wiki, ikiwa twazifungua, zikawekwa juu. Mara nyingi mtu aandikaye kwa nadra ndiye mwenye jambo zito. Basi hatukutegemea mazoea peke yake, bali tumeweka na kanuni.

Kanuni huwekwa kwa kompyuta, katika mipangilio ya Gmail. Tumeiamuru kwamba kila barua yenye neno MWANACHAMA katika kichwa chake isitupwe katika taka kamwe, itiwe nyota, na ihesabiwe muhimu. Kwa hiyo twawaomba mfanye hivi:

1. Katika kichwa cha barua andikeni MWANACHAMA, kisha namba ya kadi yenu, kisha jambo lenyewe kwa maneno machache. Mfano: MWANACHAMA 114, MAPATANO YA KUKODISHA.

2. Barua moja iwe na jambo moja.

3. Jambo lisiloweza kungoja siku mbili, pigeni simu. Barua pepe si mbiu.

Na sisi kwa upande wetu tutasoma barua zenye nyota kila asubuhi ya siku ya kazi. Kila Alhamisi tutapekua fungu la taka, kwa sababu Gmail hufuta zilizomo baada ya siku 30, na barua njema huweza kutumbukia humo. Kila barua ya mwanachama itaandikwa katika daftari, tarehe ilipofika na tarehe ilipojibiwa, na daftari hilo mwaweza kuja kulitazama. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Neno la mwisho. Nyota si ushahidi. Mtu yeyote aweza kuandika neno MWANACHAMA. Kwa hiyo barua yoyote ihusuyo fedha, au kubadili namba ya kulipwa, hatutaitimiza mpaka tumempigia mwenyewe kwa namba iliyo katika daftari letu. Msione tunawachelewesha. Twalinda jasho lenu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama