Saa za mbao za Eli Terry: jinsi kigezo kilivyobadilisha kazi ya fundi

Saa ya ukutani leo ni kitu cha bei ndogo. Mwishoni mwa karne ya 18, katika jimbo la Connecticut, kaskazini mashariki mwa Marekani, saa ilikuwa mali ya watu wachache wenye uwezo. Katika makala haya tunaeleza namna bei hiyo ilivyoshuka, na nini kilimpata fundi aliyekuwa akiitengeneza.

Kwa nini saa ilikuwa ghali?

Fundi alifanya karibu kila kitu kwa mkono. Kazi ngumu zaidi ilikuwa magurudumu yenye meno. Aligawa duara kwa bikari, akakata meno moja baada ya jingine, kisha akayasawazisha kwa tupa. Jino likizidi kidogo, saa inakwama. Kwa hiyo kila gurudumu lilirekebishwa hadi likubaliane na jirani yake, na gurudumu la saa hii halikuweza kuingia kwenye saa nyingine.

Shaba nyeupe nayo ilikuwa adimu na ya bei kubwa. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wa Connecticut waligeukia mbao zilizokuwa tele misituni kwao. Mwaloni ulitumika kwa mabamba yanayoshikilia mashine, na mcheri kwa magurudumu. Kabati refu la kuifunika saa lilikuwa kazi ya seremala na lililipiwa peke yake. Asiyeweza kulimudu aliitundika mashine ukutani hivyo hivyo, mizigo na kamba zikining'inia.

Mkataba wa saa 4,000

Eli Terry alizaliwa mwaka 1772 na alijifunza kazi kwa fundi Daniel Burnap. Baadaye alifungua karakana yake Plymouth, Connecticut. Kisha akaingia mkataba na wafanyabiashara wa familia ya Porter: awatengenezee mashine 4,000 za saa za mbao ndani ya miaka mitatu, kwa dola 4 kila moja. Kwa njia ya zamani idadi hiyo isingewezekana.

Mwaka wa kwanza Terry hakushughulika na saa zenyewe. Alijenga mashine za kutengenezea saa. Gurudumu la maji lilizungusha misumeno ya kukata meno na mashine za kukereza mbao. Mwaka wa pili zilitoka saa 1,000 hivi, na wa tatu zilizobaki 3,000. Kazi ilikamilika mwaka 1810.

Siri ilikuwa kigezo. Seremala anayekata miguu 40 ya viti hapimi kila mguu upya. Hukata mmoja vizuri, kisha mingine yote hulinganishwa na huo. Terry alifanya vivyo hivyo kwa kila sehemu ya saa. Kipande kilichokubaliana na kigezo kiliwekwa pamoja na wenzake, na mfanyakazi akachukua chochote kilichokuwa mbele yake na kuunga saa bila kupiga tupa kwa saa nzima. Mbao zilimsaidia, kwa sababu meno yake ni makubwa na hukatwa kwa haraka kuliko ya shaba.

Maji ya mito ya eneo hilo la Marekani yaliendesha viwanda vingine pia. Wasomaji wetu wa pwani wanaijua bidhaa yake moja kwa jina: merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za bandari ya Salem katika karne hiyohiyo.

Kutoka mbao hadi shaba

Mwaka 1816 Terry alipata hataza ya saa ndogo ya kuwekwa rafuni, ikiwa tayari ndani ya kasha lake. Wachuuzi waliipeleka vijijini kwa mikokoteni, na familia za wakulima zikaanza kuwa na saa.

Lakini mbao huvimba kwenye unyevu, hivyo saa hizo hazikufaa kusafirishwa baharini. Chauncey Jerome, seremala aliyewahi kumtengenezea Terry makasha, alitumia njia ileile kwa shaba iliyokwisha kushuka bei. Mwaka 1842 alipeleka saa Uingereza. Jerome mwenyewe alisimulia kuwa maofisa wa forodha waliona bei aliyoandika ni ndogo mno, wakadhani anadanganya, wakazichukua kwa kumlipa bei hiyo. Kwake huo ulikuwa mnunuzi mzuri, naye akapeleka shehena nyingine.

Fundi alibaki wapi?

Zamani kijana alikaa kwa fundi miaka mingi, akatoka akiijua saa nzima. Kiwandani alijifunza mashine moja, na aliyekata meno hakuhitaji kujua saa inavyohesabu dakika. Ustadi haukutoweka. Ulihamia kwa wachache waliobuni vigezo na kunoa misumeno, na hao ndio waliobaki na sauti juu ya kazi na malipo. Wengine walipata mshahara, na majirani zao wakapata saa.

Terry alitajirika. Alipostaafu biashara ya kiwanda, alirudi kwenye meza yake na kutengeneza saa nzuri chache kwa njia aliyofundishwa ujanani, hadi alipofariki mwaka 1852.