Maji ya Ziwa Kivu ndani ya Rejeta

Barabara ya kitaifa namba 2, inayotoka Bukavu kupitia Kavumu, Katana na Kalehe kuelekea Goma, haiachani na Ziwa Kivu kwa muda mrefu. Ndiyo maana lori likichemka mlimani, dawa yake huonekana iko karibu: utingo anateremka na dumu la njano, anarudi nalo limejaa, rejeta inanyweshwa, safari inaendelea. Jambo hilo limezoeleka mno hata halihesabiwi kuwa ni matengenezo. Nadai kwamba hakuna jambo linaloamua uhai wa injini katika ukanda huu zaidi kuliko hilo, na kwamba mwenye gari anayebishana dukani kuhusu kulanti ya kijani na nyekundu, huku akiendelea kuchota maji ziwani, ameanzia mwisho. Cha kuchagua kwanza ni maji.

Injini ya dizeli haigeuzi nguvu yote ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa hupotea kwa joto, na kati ya robo na theluthi ya nguvu hiyo lazima ibebwe na maji kutoka kwenye silinda hadi kwenye rejeta. Kazi hiyo ni ngumu zaidi Katana kuliko Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu ya mwinuko. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kiasi kwamba maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95, si 100. Termostati za injini nyingi za lori hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, kwa hiyo nafasi iliyobaki kabla ya kuchemka ni finyu. Kinachoipanua ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 huongeza mgandamizo ndani ya mfumo hadi maji yasichemke kabla ya nyuzi 115 hivi. Springi yake ikilegea, au mpira wake ukipasuka, nyuzi 20 za usalama zimekwenda, na hakuna kulanti ya bei yoyote itakayozirudisha. Kifuniko ni kitu kidogo na rahisi, na mara nyingi ndicho cha mwisho kushukiwa.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Ziwa Kivu si ziwa la kawaida. Linajulikana duniani kwa gesi zilizoyeyuka katika vilindi vyake, lakini hata maji ya juu, yale ambayo dumu huchota, yana tabia ya pekee. Chemchemi zilizo chini ya ziwa huingiza chumvi za miamba ya volkeno, ndiyo maana maji yake yana chumvi nyingi kuliko ya mito inayoliingia. Katika lita moja ya maji ya juu kuna takriban gramu moja ya chumvi zilizoyeyuka, nyingi zikiwa bikaboneti, na miligramu 80 hivi za magnesiamu. pH yake iko karibu na 9. Ugumu wa maji ukipimwa kwa kipimo cha kawaida cha kaboneti ya kalsiamu, magnesiamu hiyo peke yake inatoa miligramu zaidi ya 300 kwa lita. Watengenezaji wa injini kubwa za dizeli kwa kawaida hutaka maji yasiyozidi ugumu wa miligramu 170 na jumla ya chumvi miligramu 340. Kwa hiyo maji ya Kivu yanauvuka mpaka wa kwanza karibu mara mbili, na wa pili karibu mara tatu.

Bikaboneti ikipata joto hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kinachobaki ni kaboneti, ambayo haipendi kukaa ndani ya maji ya moto. Sukari huyeyuka zaidi maji yakipata joto. Kaboneti hufanya kinyume chake. Inajitenga, na inajishika hasa pale palipo na joto kali, yaani kandokando ya silinda na ndani ya silinda hedi, mahali ambapo injini haiwezi kuvumilia kufunikwa. Watu wa Katana hawahitaji maabara kuliamini jambo hili. Eneo lao lina chemchemi za maji moto za Kankule, na liliwahi kuwa na kiwanda cha saruji, Cimenki. Saruji haitengenezwi bila chokaa, na chokaa ni aina ya kaboneti, ile ile inayojitenga na maji ya moto. Ukoko mweupe ulio chini ya birika ni jamaa wa chokaa hiyo, na ndio unaoota ndani ya injini bila kuonekana.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: dumu moja lina ubaya gani? Kwa kweli, dumu moja halina ubaya mkubwa. Mfumo wenye lita 30 za maji ya ziwa una gramu 10 au 11 tu za ukoko unaoweza kutokea. Hatari iko katika kuongeza. Lori linalovuja na kunyweshwa lita 10 kila siku ya kazi hupoteza maji lakini hubaki na chumvi yake, kwa kuwa mvuke unaotoroka haubebi magnesiamu. Kwa siku 300 za kazi, chumvi iliyopita humo inatosha kufanya ukoko wa zaidi ya kilo moja. Hata nusu yake ikimwagika pamoja na maji yanayovuja, nusu kilo ya jiwe imetafuta pa kukaa ndani ya mifereji myembamba. Na jiwe hilo hupitisha joto vibaya: chuma cha kusubu hupitisha joto mara 25 hadi 50 zaidi yake, maana yake ukoko wa milimita moja unaizuia injini kupoa kama vile ukuta wa silinda umeongezewa sentimita tatu au nne za chuma.

Hapa ndipo lilipo jibu kwa mafundi wanaosema kwamba maji matupu hupoza vizuri kuliko kulanti. Wanasema kweli, na wasipuuzwe. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu ethilini glaikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti, hubeba joto pungufu kwa asilimia 10 hivi kwa kila lita, ukilinganishwa na maji safi. Lakini hasara hiyo ni ndogo na haiongezeki, ilhali hasara ya ukoko hukua kila wiki. Tena kinachopambana na kulanti huku si maji safi ya fizikia ya shuleni. Ni maji ya ziwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: huku hakuna baridi ya kugandisha maji, basi glaikoli ya nini? Nakubali kwamba Katana haihitaji kinga dhidi ya barafu. Lakini ndani ya kulanti kuna viungo vingine, asilimia chache tu, vinavyolinda metali, na hivyo ndivyo tunavyovinunua. Rejeta nyingi za sasa ni za alumini, na alumini huliwa maji yakipanda kufikia pH 9 na kuendelea, hasa yakiwa ya moto. Chuma nacho hupata kutu. Hatari inayofahamika kidogo zaidi iko kwenye shemizi, bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Kila mlipuko wa dizeli huitikisa shemizi; maji yaliyo nyuma yake yanaachana nayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, viputo vya mvuke vinazaliwa na kupasuka papo hapo, na kila kimoja kinagonga chuma. Baada ya miezi mingi vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano vinatokea, maji yanaingia kwenye oili, na injini inafunguliwa. Nitriti na molibdati zilizomo katika kulanti ya injini nzito huweka utando mwembamba juu ya chuma na kuzuia vitundu hivyo. Kulanti ya gari dogo mara nyingi haina viungo hivyo kwa kiasi cha kutosha, kwa hiyo lebo isomwe: kiwango cha ASTM D6210 ni cha injini nzito, D3306 ni cha magari mepesi.

Basi, je, maji ya mvua peke yake yanatosha? Kivu Kusini hupata mvua nyingi, na mvua iliyokingwa kwenye bati safi, baada ya manyunyu ya kwanza kuosha vumbi, haina ugumu wowote wa kuhesabu. Ndiyo maji bora ya kuchanganyia kuliko yote yanayopatikana bure. Lakini yakitumika matupu yanakula chuma, kwa sababu hayana kitu cha kuituliza asidi kidogo iliyomo. Upande wa Goma, moshi wa volkeno ya Nyiragongo huzidisha asidi hiyo, na mvua ya huko isitumike bila kupimwa. Mvua ya Katana pamoja na kulanti ya injini nzito kwa asilimia 40 hadi 50 ni mchanganyiko wa kutegemewa. Asiyemudu kiasi hicho ana njia halali katika nchi isiyo na barafu: maji safi na dawa ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za dizeli, kwa kipimo cha mtengenezaji, bila glaikoli. Mito inayoshuka kutoka upande wa Mlima Kahuzi ni ya pili kwa ubora. Ziwa liwe la dharura, na likishatumika, mfumo umwagwe na usuuzwe gari likifika nyumbani.

Kuhusu rangi, neno fupi: rangi ni chaguo la kiwanda, haina sheria. Kulanti za silikati na zile za asidi za ogani zikichanganywa hupunguziana nguvu, na nyingine huganda kama uji. Za kwanza kwa kawaida hudumu miaka miwili, za pili hadi mitano. Wasiwasi wa wanunuzi kuhusu kuuziwa maji yaliyotiwa rangi badala ya kulanti ni wa haki, na mizani ya sokoni inaweza kuuondoa kwa sehemu. Lita tano za maji zina uzito wa kilo tano. Lita tano za mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu zina kilo 5.3 na zaidi, na zile zisizochanganywa bado hufika kilo 5.5. Dumu tupu lipimwe kwanza.

Kuondoa termostati ili gari "lipumue" ni kosa lililoenea. Katika injini nyingi termostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na lori linachemka upesi zaidi kwenye mlima mrefu kama ule wa Ngomo, huku likikaa baridi mno na kulika kwenye tambarare. Kifuniko nacho kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji ya nyuzi 110 yakiachiwa ghafla kwenye mwinuko huu, kila lita moja hutoa zaidi ya lita 50 za mvuke, na mikono na uso wa utingo ndivyo vilivyo juu yake. Injini izimwe, ipoe, kisha maji yaongezwe polepole, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa juu ya hedi ya moto huipasua.

Na kulanti iliyotolewa isimwagwe kando ya barabara wala kwenye kijito kinachoingia ziwani. Ethilini glaikoli ina utamu. Mbuzi na mbwa huilamba, na kwa mtoto mdogo vijiko vichache vinaweza kuua figo. Isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja. Iwekwe kwenye dumu lenye alama, lifungwe, na liwekwe juu pasipofikiwa na mtoto, kwenye gereji na nyumbani vilevile.