Una Uhakika Wewe ni Sungura?

Siku hizi ukikaa meza moja na mabinti, swali linalofuata baada ya jina ni nyota. Zamani ilikuwa Mapacha, Simba, Nge. Sasa mambo yamehamia Uchina: "Wewe mnyama gani?" Na usijaribu kusema hujui, maana kuna mtu atachomoa simu, aingize mwaka wako wa kuzaliwa, na papo hapo unaambiwa wewe ni Sungura, mpole, mpenda amani, na kwamba huyo shemeji tunayemsifia kila siku hakufai hata kidogo kwa sababu eti ni Jogoo.

Mimi sina ugomvi na mchezo huo, hata mimi nacheza. Ugomvi wangu ni na hesabu. Watu wengi wanatembea na mnyama asiye wao, na wengine wanaachana kwa sababu yake!

Iko hivi, mpenzi msomaji. Mwaka wa Kichina hauanzi Januari mosi. Unaanza siku inayohamahama, kati ya Januari 21 na kama Februari 20. Mwaka wa Sungura wa 1987, kwa mfano, ulianza Januari 29. Aliyezaliwa kabla ya hapo, hata kama cheti chake kimeandikwa 1987, ni Chui Milia, mnyama wa mwaka uliotangulia. Sungura wa 1975 walianza kuhesabiwa Februari 11, wa 1999 Februari 16, wa 2011 Februari 3 na wa 2023 Januari 22. Mwishoni nako ni vilevile: mtoto wa Februari 3, 2000 ni Sungura kamili, ingawa kila orodha ya haraka haraka itakwambia 2000 ni Dragoni.

Hapa ofisini tuna dada mmoja, wa Januari 20, 1987. Mchumba wake ni wa Julai 1981, Jogoo asiye na utata. Barua ya posa imeshapokelewa, wazee wameshakaa. Siku moja katoka kula mgahawa wa Kichina, kasoma ile karatasi wanayotandika chini ya sahani, yenye wanyama 12 na miaka yao, basi amani ikaisha. Kwa Wachina, Sungura na Jogoo wanakaa pande zinazotazamana kwenye duara la wanyama, na wanaotazamana inaaminika lazima wagongane. Mwenzetu akaanza kununa. Simu za mchumba zikawa zinaita hadi zinakatika.

Karatasi ile ilikuwa na miaka tu, haina tarehe. Nilipomwonyesha tarehe alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Haya, Chui Milia anagongana na nani?" Nyani, nikamjibu. Akashusha pumzi. Lakini angezaliwa siku tisa tu baadaye angekuwa Sungura kweli, na ningemwambia maneno yaleyale: dada, muulize huyo bwana kuhusu madeni yake kabla hujamuuliza mnyama wake.

KWA NINI TAREHE INAHAMA?

Anayefunga Ramadhani nusu ya jibu analo tayari. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu hivi kujirudia, kwa hiyo miezi 12 inatoa siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Kalenda ya Hijria inaliacha pengo hilo lilivyo, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na baada ya muda inapita misimu yote. Wachina walikuwa na wakulima wa kuwaambia lini wapande, hawakuweza kuacha mwaka mpya uzurure hadi kiangazi. Wakafanya nini? Wanaongeza mwezi mzima, mara 7 katika kila miaka 19.

Mwezi wa nyongeza hauchomekwi popote tu. Safari ya jua ya mwaka mzima wameigawa vituo 24, na 12 kati ya hivyo ni vituo vikuu. Kwa kawaida kila mwezi unapata kituo kikuu chake. Katika mwaka unaotakiwa kuwa na miezi 13, mwezi wa kwanza kukosa kituo hicho haupewi namba mpya, unarudia namba ya mwezi uliopita. Mwaka wa Sungura wa 2023 ulikuwa na mwezi wa pili mara mbili, ukafika siku 384. Na hakuna wa kupanda paa kutazama mwezi kama umeandama. Yote yanapigwa kwa hesabu za wanajimu, kwa saa za Beijing.

Mnyama naye hana mwaka peke yake. Anayo hata saa. Siku nzima imegawanywa mafungu 12 ya saa mbili mbili, na saa ya Sungura ni kuanzia kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi.

MWAKA MJANE

Sasa tufike kwenye ndoa. Moja ya vile vituo 24 kinaitwa lichun, mwanzo wa majira ya kuchipua, na huangukia Februari 4 au siku ya jirani. Kwa kuwa mwaka wa 2023 ulikuwa mrefu, ulivikusanya viwili, cha Februari 2023 na cha Februari 2024. Wachina wanaoamini mambo haya wanasema mwaka wenye lichun mbili ni wa heri kwa maharusi. Mwaka wa Dragoni uliofuata ulianza Februari 10, 2024 na kuisha Januari 28, 2025, na haukupata hata moja. Mwaka wa namna hiyo wanauita mwaka mjane. Jina tu linatosha kumkimbiza bibi harusi!

Takwimu za serikali ya China zinasema ndoa milioni 7.68 ziliandikishwa mwaka 2023, na milioni 6.106 mwaka 2024. Moja ya tano imeyeyuka. Sitadanganya kwamba kalenda peke yake imefanya kazi hiyo. Vijana wamepungua, nyumba ni ghali, na 2023 ilibeba harusi nyingi zilizoahirishwa wakati wa Uviko. Lakini ukisikia bibi wa Kichina anamhimiza mjukuu wake awahi kabla Dragoni hajaingia, ujue hatanii.

HAYA, TUMCHORE

Kama una rafiki au mpenzi Sungura wa kweli, kadi uliyochora mwenyewe inashinda ya dukani. Chora yai lililolala, huo ndio mwili. Duara dogo juu yake ni kichwa. Masikio yafanye kama majani mawili ya mwembe, marefu kuliko kichwa, maana ukiyafupisha umechora panya, na Panya ana mwaka wake. Kisha mpe kinu na mchi, na nyuma yake mwezi mpevu. Wachina wanapotazama mwezi wanaona sungura anatwanga dawa, na hata vigari vyao vilivyotua huko mwaka 2013 na 2019 wameviita Yutu, sungura wa jade. Rangi iwe nyekundu, ndiyo ya heri.

Ukiona umeharibu, jipe moyo. Januari 2023 posta ya China ilitoa stempu ya Sungura iliyochorwa na Huang Yongyu, mzee wa miaka 98, yuleyule aliyechora Nyani wa stempu yao ya kwanza ya wanyama hawa mwaka 1980. Sungura wake alikuwa wa bluu, macho mekundu, kashika kalamu mkono mmoja na barua mkono wa pili. Watu wakapiga kelele kwamba amechora shetani. Mimi nampenda sana yule sungura, ana sura ya mtu anayejua umbea wa mtaa mzima.

Sungura wengine wataanza kuzaliwa Februari 8, 2035, kwa hiyo wa Januari hiyo bado ni Chui Milia. Na kama rafiki yako ni wa Vietnam, kadi ya sungura iweke kando. Kalenda yao inafanana sana na ya Wachina, ila kwao mwaka huo ni wa Paka. Fupisha masikio, ongeza mkia.