Mgeni wa Mizizini

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ni wachache wajuao kwamba mithali hii hutimia kila siku chini ya mibuni, michai, mikonge na mihogo yetu. Ndani ya mizizi ya mimea hiyo mna mgeni asiyeonekana kwa macho matupu, naye ni kuvu. Ushirika wake na mzizi, wataalamu huuita mikoriza.

Kazi yake yafaa ielezwe wazi. Fosforasi ni chakula ambacho mmea hauwezi kuishi bila ya kukipata. Lakini haitembei sana ardhini, na katika udongo mwekundu wa nchi za joto hunaswa na chuma na alumini. Mzizi ukiisha kula ile iliyo karibu nao, hubaki na njaa ilhali shibe iko mbele kidogo tu. Hapo ndipo kuvu hunyoosha nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, akapenya pasipopenyeka na mzizi, akauletea fosforasi, na zinki pia. Wala hafanyi kazi bure. Mmea humlipa kwa sukari na mafuta, na malipo hayo yaweza kufikia sehemu moja katika tano ya chakula chote ulichokitengeneza kwa nguvu ya jua.

Ushirika huu si wa jana. Katika mawe ya Rhynie, huko Uskochi, zimeonekana alama za kuvu ndani ya mimea iliyoishi yapata miaka milioni 400 iliyopita. Mwanadamu ndiye aliyechelewa kuujua. Mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank alipoupa jina na kusema kwamba kuvu huulisha mti, wengi walimkatalia. Wao walimhesabu kuvu kuwa mnyonyaji tu. Mwaka 1897 Mholanzi J. M. Janse akatangaza kwamba katika aina 75 za mimea alizozichunguza kisiwani Java, 69 zilikuwa na kuvu mizizini. Waama, si kila akaaye nyumbani mwa mwenziwe ni kupe.

Atakaye ushahidi zaidi na atazame Puerto Rico. Kwa miaka mingi misonobari iliyopandwa huko ilidumaa na kufa, mpaka mwaka 1955 ulipoletwa udongo wenye kuvu kutoka North Carolina, ndipo ilipostawi. Kuvu wa msonobari ni wa aina nyingine, huuvika mzizi kwa nje, lakini somo ni lile lile. Hata mhogo, tuusifuo kwa kustahimili ardhi duni, ukipandwa katika udongo duni uliouawa kuvu wake hudumaa. Sehemu kubwa ya sifa yake ni ya mgeni wake.

Je, jambo hili lamhusu nani? Lamhusu kila ashikaye jembe, na kila atoaye shilingi yake kununua mbolea. Fosfeti ikizidi kiasi, mmea huacha kumkaribisha mgeni, na mkulima huzidi kutegemea gunia la dukani. Udongo wa kitalu ukichomwa moto ili kuua magonjwa, kuvu naye huangamia. Trekta ikilima mara kwa mara, hukata nyuzi zake. Shamba likikaa tupu muda mrefu, hufa njaa.

Hatusemi mbolea itupwe. Kuvu haumbi fosforasi, huileta tu. Ardhi iliyochoka haina budi kulishwa. Twasema udongo upimwe kwanza, na mbolea itiwe kwa kiasi. Tuweke matandazo na samadi, tupande kunde kati ya mistari, na miche yetu ichanganyiwe udongo kidogo kutoka chini ya miti yenye afya, pasipo na minyoo wala maradhi. Na auziwaye unga wa kuvu madukani asinunue kwa pupa: autie katika mistari michache, mingine aiache, kisha alinganishe mavuno.

Mabwana shamba na wafanyakazi wa vitalu ndio wa kwanza wapasikao kuyajua haya, kwa kuwa hasara ya kitalu huonekana shambani baadaye, wakati fedha zimekwisha tumika. Mgeni huyu tulimkuta nyumbani. Tusimfukuze kwa mikono yetu wenyewe.