Rangi za bakteria wa udongo: kinga ya mzizi, si dawa ya kidonda

Wengi wetu tunaishi kwa jembe, na tumesikia kwamba dawa nyingi za hospitali zilitoka udongoni. Ni kweli. Lakini neno hilo lisitufanye tupake udongo kwenye kidonda au kwenye kitovu cha mtoto mchanga, kama inavyofanyika bado mahali pengine. Tuone kwanza kinachotendeka chini ya mmea.

Mzizi haunywi maji tu. Unatoa pia sukari na vyakula vingine, na bakteria wengi hukusanyika pale kula. Mwaka 1904 mtaalamu Mjerumani Lorenz Hiltner aliupa udongo huo unaozunguka mzizi jina la pekee: rizosfia. Penye chakula pana ugomvi. Bakteria fulani hujitetea kwa kutengeneza vitu vyenye rangi ya njano, ya chungwa, ya kijani au ya buluu, vinavyodhuru kuvu na bakteria wengine. Kundi moja la rangi hizo linaitwa fenazini. Zinaingia ndani ya chembe ya adui, zinavuruga namna inavyopata nguvu, na zinazalisha oksijeni ya aina kali inayoiharibu.

Je, mmea unapata faida? Katika jimbo la Washington, Marekani, kuna kuvu inayoozesha mizizi ya ngano. Mwaka 1988 watafiti Linda Thomashow na David Weller walichukua bakteria wanaolinda ngano hiyo, wakawaondolea uwezo wa kutengeneza fenazini. Ulinzi ukapungua. Walipowarudishia uwezo huo, ulinzi ukarudi. Basi rangi ile ilikuwa silaha kweli.

Lakini silaha haichagui. Mwaka 1882, huko Ufaransa, Carle Gessard alichunguza bandeji zilizogeuka buluu na kijani juu ya vidonda. Rangi ile, piosianini, nayo ni fenazini. Inaua vijidudu vingine, lakini inaumiza pia chembe za mwili wa mtu, na bakteria anayeitengeneza, ambaye huishi hata katika udongo na maji, huharibu vidonda vya moto na hushinda dawa nyingi. Vilevile mwaka 1940 Selman Waksman na Boyd Woodruff walipata katika bakteria wa udongo dawa nyekundu, aktinomisini. Iliua vijidudu, lakini ilikuwa sumu kali mno kwa wanyama. Baadaye waganga waliitumia kwa kipimo kidogo kutibu aina fulani za kansa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Dawa ya hospitali imetengwa na uchafu, imepimwa, na kipimo chake kinajulikana. Udongo wa shamba haujapimwa, na ndani yake hukaa pia mbegu za bakteria wa pepopunda, ugonjwa unaoua watoto wachanga.

Kwa hiyo tuoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, twende kituo cha afya, tuulize juu ya chanjo ya pepopunda. Kitovu cha mtoto kibaki safi na kikavu, na tufuate maneno ya muuguzi. Udongo tuuache shambani. Kazi yake huko ni kubwa ya kutosha.